MasterChef Australia ilianza kuporomoka kabla Netflix haijafika

Swali la msomaji: Nimeifuatilia MasterChef Australia, lile shindano la mapishi la televisheni, tangu msimu wa pili na sijaacha. Hivi karibuni nilisoma kwamba fainali ya 2010 ilitazamwa na karibu watu milioni 4 nchini Australia, lakini miaka hii wakipata milioni 1 wanashangilia. Rafiki yangu anasema Netflix ndiyo iliyoimaliza. Mimi nasema iliporomoka siku wale majaji watatu wa mwanzo walipoondoka. Nani kati yetu amepatia? Na je, shindano hili linakufa?

Ndugu msomaji, asante kwa swali. Itabidi niwavunje moyo wote wawili, maana kalenda haimuungi mkono hata mmoja wenu.

Netflix, ile huduma ya kutazama vipindi kwa intaneti, iliingia Australia Machi 2015. Majaji wale watatu, Gary Mehigan, George Calombaris na Matt Preston, waliondoka Julai 2019. Sasa weka tarehe hizo kando ya fainali. Nachukua kile kipande cha mwisho cha kutangaza mshindi, kama kilivyopimwa katika miji mikubwa mitano ya Sydney, Melbourne, Brisbane, Adelaide na Perth. Mwaka 2009 kilipata watazamaji zaidi ya milioni 3.7. Mwaka 2010, karibu milioni 4. Mwaka 2011, takriban milioni 2.7. Mwaka 2012, takriban milioni 2.2. Mwaka 2013, milioni 1 na ushei. Yaani ndani ya misimu mitatu baada ya kilele, watu kama saba katika kila kumi walikuwa wameshakwenda zao. Majaji walikuwa wale wale, na Netflix ilikuwa bado haijafika nchini.

Kwa hiyo anayetaka kujua kilichotokea asianzie kwenye intaneti wala kwenye mwaka 2019. Aanzie kwenye miaka hiyo mitatu, 2011 hadi 2013. Nimekaa na takwimu za watazamaji kwa miaka mingi, na ni nadra kuona kituo cha televisheni kikipewa kitu kinachopendwa kiasi kile, kisha kikakichosha chenyewe kwa kasi ile.

Hata hivyo, huwezi kuelewa kilichobomoka kama hujui kilivyojengwa. MasterChef asili yake ni Uingereza. Franc Roddam aliibuni, na BBC ilianza kuirusha mwaka 1990. Kilikuwa kipindi cha kistaarabu na kifupi: watu watatu wanapika, majaji wanaonja, mmoja anasonga mbele, basi. Waaustralia walipokichukua walikivunja na kukijenga upya. Washiriki waliwekwa katika nyumba moja, mbali na familia zao. Kipindi kikawa kinarushwa siku sita kwa wiki, kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, kwa takriban miezi mitatu mfululizo. Kituo cha Ten kilikuwa kimeachana na Big Brother mwaka 2008, na pengo la saa za jioni mapema lilihitaji kitu cha kila siku. MasterChef Australia ikaanza Aprili 2009 kuliziba.

Kilichowanasa watu hakikuwa ugomvi. Mashindano mengi ya televisheni ya wakati ule yalijengwa juu ya fedheha: jaji anamdhalilisha mshiriki, mshiriki analia, mtazamaji anacheka. Hapa majaji walikosoa chakula bila kumtweza mtu. Mshiriki akiondolewa walimkumbatia na kumweleza aende kufanya nini na kipaji chake. Na washiriki wenyewe walikuwa watu wa kawaida. Mshindi wa kwanza, Julie Goodwin, alikuwa mama wa watoto watatu wa kiume ambaye alipika vyakula vya mezani kwake, na katika fainali alimshinda Poh Ling Yeow, mchoraji mzaliwa wa Malaysia ambaye naye alikuwa akipika kwa kumbukumbu za nyumbani kwao. Zawadi ilikuwa dola 100,000 za Australia. Mtu aliyekuwa sebuleni aliona mwenzake, si nyota. Kesho yake alikwenda kununua vitu vilivyotumika jana usiku ili ajaribu mwenyewe, na Coles, maduka makubwa yaliyokuwa mdhamini mkuu, yalijua hivyo na yalijipanga.

Mwaka uliofuata shindano likakua zaidi. Jumapili ya tarehe 25 Julai 2010, waziri mkuu Julia Gillard na mpinzani wake Tony Abbott walikuwa na mdahalo wao wa uchaguzi mkuu kwenye televisheni. Mdahalo ulisogezwa mapema, ukaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, ili usigongane na fainali ya MasterChef. Huo ni uchaguzi wa kitaifa unaopisha shindano la mapishi, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 22. Usiku ule Adam Liaw, wakili, na Callum Hann, kijana wa miaka 20, walitakiwa kuiga kitindamlo cha mpishi Peter Gilmore wa mgahawa wa Quay, kile kinachoitwa yai la theluji. Liaw akashinda.

Wapo wanaosema kilele kile kilikuwa kipya kinyemi tu, watu walivutwa na ugeni. Sikubaliani nao. Kama ingekuwa ugeni, mwaka wa kwanza ndio ungekuwa mkubwa, na wa pili ungepungua. Ilikuwa kinyume. Watu walirudi wakaja na wenzao.

Sasa tazama kilichofanywa na imani hiyo. Msimu wa kwanza ulipokwisha, mwaka huo huo likatolewa shindano la watu mashuhuri. Msimu wa pili ulipokwisha, likaja la watoto Septemba 2010, na la pili la watoto 2011. Mwaka 2012 wakarudishwa washiriki wa zamani katika shindano lao. Mwanzoni mwa 2013 likaja la wapishi wa kulipwa, likiongozwa na Marco Pierre White pamoja na Matt Preston. Na shindano lenyewe, lile mama, lilikuwa limerefushwa hadi kupita vipindi 80 kwa msimu. Mwaka mmoja una siku ngapi? Mpenzi wa kweli wa MasterChef, aliyetaka kuona kila kitu, alikuwa ameombwa atoe jioni zake karibu zote.

Niruhusu nieleze kwa nini vituo hufanya hivi, kwa sababu kutoka nje inaonekana kama ujinga, na si ujinga. Saa moja ya tamthilia ina waandishi, waigizaji, maeneo ya kurekodia, na hulipiwa upya kila kipindi. Shindano la mapishi gharama yake kubwa iko mwanzoni: kujenga jiko, kukusanya washiriki, kuajiri majaji na timu. Baada ya hapo, kila kipindi cha nyongeza kinagharimu kidogo kuliko kilichotangulia, lakini matangazo yake yanauzwa kwa bei ile ile. Mkurugenzi wa vipindi akitazama karatasi ya hesabu, kurefusha msimu ni kama pesa ya bure. Na ndani ya kipindi ni hivyo hivyo. Dakika 60 zinakuwa 75, zinakuwa 90. Kabla ya matangazo unaonyeshwa kitakachotokea, baada ya matangazo unaonyeshwa kilichotokea, kisha ndipo kinatokea. Gharama hiyo haionekani kwenye karatasi ya mkurugenzi kwa sababu anayeilipa ni mtazamaji, kwa muda wake. Mtazamaji naye hapigi simu kulalamika. Jumatano moja anakosa, anagundua hakupoteza kitu, Jumatano inayofuata hakumbuki.

Hapo ndipo kipindi cha kila siku kinapofia, na nataka ulielewe hili vizuri kuliko jambo lingine lolote katika jibu langu. Nguvu ya kipindi cha kila siku ni mazoea. Watu walikaa mbele ya televisheni jioni kwa sababu jana walikaa, na kesho kazini kutakuwa na mazungumzo. Mazoea yakikatika huwezi kuyarudisha kwa tangazo zuri. Mtu aliyeacha kipindi cha mara moja kwa wiki amekosa kipindi kimoja. Aliyeacha MasterChef kwa wiki moja amekosa vipindi vitano au sita, washiriki wawili hawapo tena, na hadithi imempita.

Wapinzani nao hawakulala. Kituo cha Seven kilianzisha My Kitchen Rules mwaka 2010, timu za watu wawili wawili wanaoalikana majumbani, na kikairusha mwanzoni mwa mwaka, miezi kadhaa kabla ya MasterChef. Hesabu yao ilikuwa ya kijanja. Ilipofika zamu ya MasterChef, mtazamaji alikuwa ameshakula shindano zima la mapishi, tena lenye chumvi zaidi, maana My Kitchen Rules haikuona haya kuchochea ugomvi. Ikaja ikaipita MasterChef kwa watazamaji. Mwaka 2012 kituo cha Nine kilianza kurusha The Voice, shindano la uimbaji, ikafungua na watu zaidi ya milioni 2, wiki chache kabla ya msimu wa nne wa MasterChef kuanza.

Kisha 2013. Hapa naumia nikikumbuka. Badala ya kutulia na kurudi kwenye upishi, waandaaji waliamua kugawa washiriki wanaume dhidi ya wanawake. Matangazo ya kuutambulisha msimu yalipakwa rangi ya waridi upande mmoja na buluu upande mwingine, na ubishi wenyewe ulikuwa wa mzaha wa kizamani kuhusu nani anapika vizuri, mwanamume au mwanamke. Watazamaji waliokuwa wamebaki ni wale hasa waliopenda upole wa kipindi. Waliona kipindi kimeiga mpinzani wake. Emma Dean alishinda, na alistahili, lakini waliokuwa wanamtazama walikuwa wachache.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kuporomoka, na ndiyo kubwa. Ilitoka ndani.

Ushahidi kwamba ilitoka ndani ni kilichofuata. Msimu wa 2014 ukaacha vituko na kurudi kwenye chakula. Ule wa 2015 ukaendelea hivyo hivyo, na fainali yake ikawa Billie McKay na Georgia Barnes wakihangaika na kitindamlo cha mpishi Heston Blumenthal chenye hatua nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzihesabu. Watazamaji wakarudi, si milioni 4, lakini kwa idadi iliyoupita kwa mbali msimu wa 2013. Mwaka 2015 ndio huo huo Netflix ilipoingia. Mwambie rafiki yako alitafakari hilo.

Sasa nimpe haki yake, kwa sababu baada ya hapo anaanza kuwa na hoja. Kuanzia katikati ya muongo ule, televisheni ya kawaida nchini Australia, ile inayorushwa hewani bure, ilikuwa inapungukiwa na watu kila mwaka, na vijana walitangulia kuondoka. Hakuna kipindi cha burudani kilichonusurika. MasterChef ilipoteza watu katika miaka hiyo kama jirani zake wote walivyopoteza, na huwezi kuilaumu peke yake kwa mvua iliyolowesha mtaa mzima. Tena shindano la mchujo lina udhaifu wake maalumu katika zama hizi. Tamthilia unaweza kuiweka ukaitazama wiki ijayo. Shindano, ukilala bila kutazama, asubuhi simu yako imeshakuambia nani ametoka. Baadhi hulazimika kutazama papo hapo, na hao ndio wanaopendwa na watangazaji. Wengine huona heri waache.

Kuna pia hali ya kituo chenyewe, jambo ambalo watu wa nje hawalioni. Kipindi hakiishi peke yake. Kinahitaji taarifa ya habari yenye nguvu kabla yake, na vipindi vingine ambavyo katikati yake utaona tangazo linalosema Jumapili usikose. Ten ilikuwa inadhoofika miaka hiyo yote, nyakati nyingine ikapitwa hata na ABC, shirika la umma. Juni 2017 iliwekwa chini ya wasimamizi kwa kushindwa kumudu madeni, na mwishoni mwa mwaka huo ikanunuliwa na CBS ya Marekani. MasterChef ilikuwa nguzo iliyobeba paa peke yake, ilhali zamani paa ndilo lililoisitiri.

Niseme neno kuhusu namba zenyewe, kwa sababu zinachanganya hata waandishi wa habari. Milioni 4 uliyoisoma ya 2010 si ya kipindi kizima cha fainali. Vituo vya Australia vilizoea kukipima kipande cha kutangaza mshindi kando, kama kipindi kinachojitegemea, kwa sababu hapo ndipo watu hujaa. Tena ilikuwa namba ya miji mitano tu, bila mikoa. Mambo yalibadilika kabisa mwaka 2024: tasnia ilihamia kwenye mfumo unaojumlisha nchi nzima na kuchanganya televisheni ya hewani na ile ya intaneti, na vyombo vya habari vikaanza kutangaza idadi ya watu "waliofikiwa". Aliyefikiwa ni mtu aliyetazama walau dakika 1. Wastani wa watazamaji ni kitu kingine: ni watu wangapi walikuwapo kwa dakika yoyote uliyochagua, na siku zote huwa mdogo zaidi. Ukiweka waliofikiwa wa 2024 kando ya wastani wa 2010 utadhani shindano halijashuka sana. Ukiweka wastani wa miji mitano wa 2010 kando ya wastani wa miji mitano wa 2023 utadhani limekufa, maana hutawaona waliotazama kwa intaneti siku mbili baadaye. Yote mawili ni makosa. Kabla hujaamini namba yoyote ya MasterChef, uliza: ni wastani au ni waliofikiwa, ni miji au ni nchi, ni kipindi au ni kipande?

Turudi kwa majaji wako. Julai 2019, siku ya fainali, Ten ilitangaza kwamba haikuafikiana na Mehigan, Calombaris na Preston kuhusu mikataba, na kwamba hawatarudi. Siku chache kabla, kampuni ya migahawa ya Calombaris ilikuwa imefikia makubaliano na mamlaka ya kazi baada ya kukiri kuwapunja wafanyakazi wake mishahara ya dola milioni 7.8. Uchungu wako nauelewa. Majaji wale walikuwa wamekaa misimu kumi na mmoja, na kuna watu waliokua wakiwatazama.

Lakini tazama 2020. Andy Allen, mshindi wa 2012, Melissa Leong, mwandishi wa masuala ya chakula, na Jock Zonfrillo, mpishi kutoka Scotland, walikalia viti vile. Washiriki walikuwa wa zamani waliorudi kujaribu tena, akiwemo Poh. Msimu ukaanza Aprili, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, na kurekodi kukaendelea kwa masharti ya kukaa mbali mbali. Ukapanda juu ya ule wa 2019, ukazidi milioni 1 hata katika kupima kwa miji mitano, na Emelia Jackson akashinda. Sitakudanganya kwamba korona haikusaidia. Ilisaidia sana. Ila watu waliofungiwa ndani walikuwa na kila kitu cha kutazama, na wengi walichagua hiki, chenye sura mpya tatu mezani. Nadharia ya kwamba shindano lilikuwa majaji watatu ilifia hapo.

Aprili 2023 Zonfrillo alifariki dunia, usiku wa kuamkia siku ya kuanza kwa msimu mpya. Kituo kilisogeza uzinduzi kwa wiki moja, kisha, kwa ridhaa ya familia yake, kikarusha vipindi alivyokwisha kurekodi. Nilivitazama. Alikuwa anainama kila mara kuongea na mshiriki aliyeharibu, sauti ya chini, kama mtu anayemsaidia mdogo wake. Mwaka 2024 Andy Allen akaungana na Poh Ling Yeow, Sofia Levin na Jean-Christophe Novelli. Mshindi wa pili wa msimu wa kwanza amekuwa jaji, na hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Nakuja sasa kwenye kile ninachokiona ndicho kidonda kisichopona, na hukukigusa wala rafiki yako hakukigusa. Mpishi wa nyumbani anapotea.

Mwaka 2009 washiriki walitengeneza keki, kuku wa kuchoma, tambi. Walikosea. Mchuzi ulikatika mbele ya macho ya taifa. Kila msimu uliofuata uliandikisha watu waliokua wakitazama misimu iliyopita, watu waliofanya mazoezi miaka mitatu kabla ya kuomba nafasi. Wakaja na povu, na jeli, na barafu iliyogandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Ufundi umepanda kweli, na mimi kama mpenda chakula naufurahia. Lakini mtazamaji aliyekuwa anasema "hii nitaijaribu Jumamosi" sasa anasema "hii siiwezi", na kuanzia hapo anatazama kama anavyotazama sarakasi. Sarakasi hutazamwa mara moja moja. Haiwi mazoea ya kila jioni. Na mtu mwenye hamu ya kujifunza kupika kitu rahisi ameshapata pa kwenda: video ya dakika mbili kwenye simu, bila matangazo sita katikati.

Kisha kuna tabia ya kurudisha wa zamani. Walirudishwa 2020. Mwaka 2022 nusu ya washiriki walikuwa wa zamani, na Billie McKay akashinda kwa mara ya pili. Mwaka 2025 wakarudishwa tena, na Laura Sharrad akamshinda Callum Hann, yule yule kijana wa yai la theluji la 2010, sasa mtu mzima mwenye migahawa yake. Kila mara waliporudi ilinoga, nami nilishangilia. Ila fikiria mkulima anayekula mbegu zake. Hann anatuvuta kwa sababu mwaka 2010 alikuwa mgeni na mamilioni walimpenda akiwa mgeni. Kila msimu wa marejeo ni msimu ambao hakuna mgeni anayependwa, na miaka kumi ijayo atarudishwa nani?

Je, linakufa? Kwa sasa, hapana. Tangu 2009 hadi 2025 halikukosa mwaka hata mmoja, wakati My Kitchen Rules, iliyowahi kuipita, ilisimama baada ya 2020 na kurudi 2022. Sababu ni ile ile hesabu niliyokueleza: jioni nyingi zinajazwa kwa gharama ndogo kuliko tamthilia, wadhamini wanaweka sufuria na mboga zao ndani ya jiko lenyewe mahali ambapo mtazamaji hawezi kuwaruka, na vipindi vinauzwa nje. India imeitazama MasterChef Australia kwa miaka mingi kwa mapenzi ambayo takwimu za Sydney hazijui. Mwaka 2021 Kishwar Chowdhury, mzaliwa wa Melbourne mwenye asili ya Kibengali, alitengeneza panta bhat katika fainali, wali uliolala kwenye maji, chakula cha wakulima maskini, akaueleza kwa majaji huku sauti ikimtetemeka. Alikuwa wa tatu. Lakini Bangladesh nzima ilizungumza juu ya sahani ile, na hakuna hata mmoja wa watazamaji hao aliyeingia katika namba ulizosoma.

Msimu ujao ukianza, fanya hivi. Usihangaike na namba ya usiku wa kwanza, hiyo hupima matangazo yalivyopigwa. Usihangaike sana na ya fainali, hiyo hupima hamu ya kujua mshindi. Tafuta wastani wa Jumanne za wiki ya nne au ya tano, pale ambapo hakuna mgeni maarufu wala mchujo mkubwa, watu wanapika tu. Linganisha na Jumanne kama hizo za mwaka uliotangulia, kwa kipimo kile kile. Kisha hesabu ni washiriki wangapi hukuwahi kuwaona kabla ya mwaka huo, na ni sahani ngapi katika wiki nzima ulizotamani kuzijaribu wewe mwenyewe.

Niandikie tena ukishahesabu. Ningependa kujua umepata ngapi.